Daftari la Mwalimu na Nywele za Kashata

Nilivua aproni ya kazi siku ya Ijumaa, tarehe 28 Novemba, saa kumi na dakika ishirini alasiri, baada ya miaka kumi na tisa na miezi minane katika chumba cha nyuma cha kliniki ya wanyama pale Mkomani. Dakika nazitaja kwa makusudi. Nilijifunza kusoma saa nikiwa na umri wa miaka thelathini na sita, na kitu ulichokipata kwa kuchelewa hukiachi kikae kabatini.

Nyinyi wawili mliobaki na mabeseni yangu mliniomba niwaandikie ninayoyajua. Ya mshahara sitayaandika, maana hayana urefu wa kujaza ukurasa. Ya vyeo pia nitayapita: nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili nilikabidhiwa aproni ileile. Nitaandika juu ya swali ambalo wateja wataendelea kuwauliza mpaka nanyi mstaafu: mbwa mdogo mwenye nywele ndefu aoshwe na kunyolewa nyumbani na mwenyewe, au aletwe kwa fundi? Kwa karibu miaka kumi na tisa nilikuwa na jibu moja, na nililitoa kabla mtu hajamaliza kuuliza. Sasa ninalo jingine, nami sikulipata kwa urahisi.

Yanipasa kuanzia darasani. Utotoni sikusoma. Baba yangu, kule Ganze, alikuwa na mbuzi kumi na mmoja na mabinti wanne, akaona mbuzi ndio wanaohitaji uangalizi. Nikaolewa, nikahamia Mishomoroni, nikazaa, nikafika miaka thelathini na sita nikitia sahihi kwa kidole gumba. Ndipo Mwalimu Damaris alipofungua darasa la ngumbaru, la sisi watu wazima, katika chumba cha kanisa karibu na kwetu, saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Alhamisi. Tulijiandikisha watu kumi na tisa. Mimi na mume wangu tulijiandikisha siku moja, na majina yetu yakafuatana katika daftari la mahudhurio: lake, kisha langu.

Mwalimu alikuwa mwembamba na mkali, na aliamini kwamba mtu ambaye hajaitwa jina hajafika, hata kama amekaa mbele ya macho yako. Kila jioni aliita majina yote. Wanaume waliitika "Naam", wanawake "Abee", naye akatia alama kwa penseli. Mume wangu alikuwa kibarua wa kupakua magunia Changamwe, na hakuwahi, hata jioni moja, kufika kwa wakati. Kwa hiyo Mwalimu alimwita mara mbili. Mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida. Mara ya pili akiwa amegeukia dirisha, kama amwitaye mtu aliye barabarani. Na mara nyingi kweli alikuwa barabarani, akikimbia, akaitika "Naam" kabla ya kuufikia mlango. Darasa zima lilicheka kichekesho hichohicho kwa miaka miwili bila kukichoka.

Mimi sikuwahi kumwita kwa jina. Nilivyolelewa, mke halitamki jina la mumewe. Alikuwa Baba Sidi tangu binti yetu alipozaliwa, na kabla ya hapo alikuwa "wewe". Kwenye fomu nililiandika jina lake kwa mwandiko mzuri, kwa kuwa Mwalimu alinifundisha. Mdomoni mwangu halikupata kupita. Alifariki Jumapili, tarehe 16 Oktoba. Miezi mitano baadaye nikaanza kazi.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Jumatatu, tarehe 27 Machi, nami niliajiriwa kufagia. Chumba cha nyuma kilikuwa himaya ya Mzee Nzaro, aliyekuwa kinyozi wa watu kule Changamwe kwa miaka mingi, kisha akahamia kwa mbwa kwa sababu, alivyosema mwenyewe, alichoka na wateja wenye maoni juu ya serikali. Wiki ya pili aliniona nimemshika mbwa mmoja aliyekuwa akitetemeka, akatulia. Hakunisifu. Alinitupia kumbi la nazi na kitana cha chuma.

"Lichane," akasema.

"Nilichane kumbi, Mzee?"

"Mpaka nyuzi zote zilale upande mmoja. Ukikata hata uzi mmoja, kesho unaanza na lingine."

Nilitumia siku nne na makumbi sita. Lakini hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ni nusu ya kazi yetu: unaanzia nchani. Unachana kidogo, unarudi nyuma kidogo, mpaka unaifikia ngozi, huku mkono wa pili ukiwa umeshika shina la nywele ili ngozi isivutwe. Anayeanzia kwenye ngozi na kuvuta amemfundisha mbwa kuchukia kitana maisha yake yote, na mbwa huyo atakuja kwetu, na atatuuma sisi, si yeye.

La pili alilonifundisha ni kuchana kwanza, maji baadaye. Nywele zilizofungamana vifundo zikiingia majini huwa kama sufi iliyolowa ikakauka, hazifunguki tena. La tatu ni kwamba maji ya chumvi ya visima vyetu yanafaa kuanzia, lakini ya kumalizia yawe maji matamu, hata kama ni jagi mbili tu, la sivyo mbwa atajikuna mpaka Jumapili. La nne lilihusu kucha. Kucha nyeupe huonyesha mshipa wa damu kwa ndani. Nyeusi hazionyeshi kitu, kwa hiyo nyeusi hukatwa kwa unyenyekevu. Mimi siku ya Ijumaa, tarehe 12 Mei, nilikata bila unyenyekevu. Damu ikatoka, mbwa akapiga kelele, nami nikapiga kelele kumzidi. Mzee Nzaro alichovya kidole cha mbwa katika unga wa ngano, akakibana mpaka damu ikakoma, kisha akanitazama kwa upole ambao sikuwahi kuuona.

"Sasa umeajiriwa," akasema.

Nyumbani Mishomoroni kazi yangu ilikuwa na utaratibu wake. Jirani yangu Rukia Omari, tuliyesoma naye ngumbaru, ni Mwislamu mshika dini, na mate ya mbwa kwake ni najisi. Hakunikataza mlango hata siku moja. Aliweka pale nje ndoo ya maji, kata, na kopo la udongo safi.

"Mama Sidi, mikono hiyo leo imekwenda kazini?"

"Imekwenda."

"Basi ndoo ile pale. Mara saba, na udongo usiusahau. Mahamri yanakungoja."

Nilinawa mara saba, nikihesabu kwa sauti ili asikie, naye alihesabu jikoni ili nisimdanganye. Ukizidisha mara saba kwa jioni za miaka yote hiyo, sidhani kuna mikono iliyonawa kuliko hii pwani nzima. Wanaouliza kwa nini ngozi yangu ni laini hudhani ni mafuta.

Mzee Nzaro alipostaafu alinikabidhi mkasi wake mrefu na meza ya kazi, na pamoja navyo nadhani alinikabidhi kiburi. Nilianza kuwacheka wanaojaribu nyumbani. Na kweli walinipa sababu. Bwana mmoja wa Nyali alitumia mashine yake mwenyewe ya ndevu, ikakwama tumboni mwa mbwa, akaja navyo vyote viwili vikiwa havijaachana. Mama mmoja wa Changamwe aliosha mbwa wake kwa sabuni ya unga ya kufulia, kisha akatuuliza kwa nini mbwa amepauka. Wengine walileta vichwa vilivyokatwa kwa mkasi wa jikoni, upande mmoja juu, mwingine chini, na mbwa ana aibu usoni, wallahi, hata Rukia akiapa kwamba mbwa hawana aibu. Kila mmoja nilimwambia sentensi ileile: "Ungemleta kwa fundi tangu mwanzo." Niliisema vizuri sana. Niliisema hivyo mpaka Jumanne, tarehe 4 Februari, mwaka wangu wa kumi na tisa kazini.

Asubuhi hiyo aliingia mwanamke mwenye kikapu cha ukindu kilichofunikwa kwa leso. Nilimtambua kabla hajakiweka chini.

"Wewe si Neema wa Mwalimu Damaris?"

"Ndimi. Shikamoo, Mama Sidi."

"Marahaba. Mwalimu hajambo?"

"Hajambo, ila mkono unamtetemeka. Tuko Timbwani siku hizi, mimi naye, na huyu." Akafunua leso. "Kwenye feri tulipewa nafasi ya watu wanane."

Ndani ya kikapu alikuwamo mbwa mdogo mzee, asiyezidi uzito wa kuku wawili, mwenye rangi ambayo zamani nadhani ilikuwa nyeupe. Harufu yake ilitangulia. Jirani wao aliyehama alimwacha miaka minne kabla ya hapo, na Mwalimu akamwita Kashata. Nilipomsogeza karibu na dirisha niliona kitu ambacho katika miaka yangu yote sikuwahi kukiona juu ya mbwa.

"Neema. Huyu amesukwa?"

"Mistari minne kila upande. Mama anasema nywele ndefu zisiposukwa ni uzembe. Na kabla ya kumsuka anampaka mafuta ya nazi."

Hapo nikaelewa yote. Mwalimu alimtunza mbwa kama tulivyotunzwa sisi utotoni na kama tulivyowatunza mabinti zetu: mafuta kichwani, kitana, mistari, nenda zako. Lakini binti hajirambi mafuta, wala hajigaragazi mchangani. Chini ya ile misuko nywele zilikuwa zimefungamana mpaka zimevuta ngozi, na mafuta yalikuwa yameoza. Nyuma ya masikio kulianza vidonda.

"Nina mtoto mchanga ndani ya nyumba, Mama Sidi," Neema akasema, naye hakusema kwa ukali. "Nyumba inanuka nazi iliyovunda. Nimemwambia Mama, mwisho wa mwezi huu, kama mbwa hajawa msafi, nampeleka Voi kwa rafiki yangu mwenye shamba."

"Naye alijibu nini?"

"Kwamba siku mbwa akienda Voi, naye anafunga kisanduku chake amfuate. Ana miaka themanini na moja. Hamjui mtu Voi."

Nilimpigapiga begani. "Mwache hapa. Saa tisa utamchukua mbwa mwingine."

Saa tisa alimchukua yuleyule. Nilipomweka Kashata juu ya meza alianza kutetemeka. Nilipoigusa mashine ulimi wake ukabadilika rangi. Nilimfunga taulo, nilimwimbia, nilimpa muda, nilimpa nyama. Alipoona kitana alibweka kwa sauti ambayo sikudhani inaweza kutoka katika mwili mdogo hivyo, kisha akalegea mikononi mwangu. Nikamwita daktari. Akamsikiliza moyo kwa muda mrefu.

"Moyo wake una kasoro," akasema. "Dawa ya usingizi simpi, na hofu ya namna hii hataistahimili mara nyingi. Mama Sidi, huyu tumwache."

Kabla ya siku hiyo sikuwahi kumrudisha mbwa alivyokuja. Neema alipofunua leso alinitazama, akamtazama mbwa, akanitazama tena, na kwa heshima aliyofundishwa na mama yake hakunikumbusha ahadi yangu. Ningependelea anikumbushe.

Siku kumi na moja nilizunguka na jambo hilo. Aliyenipa herufi alikuwa na kitu kimoja cha kumpa raha katika uzee wake, nami mwenye vyeti viwili ukutani nilikuwa nimeshindwa kukichana. Jumamosi, tarehe 15 Februari, nikafunga vitana vyangu katika taulo, nikavuka kwenda Timbwani.

Mwalimu alikuwa barazani, Kashata miguuni pake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kadzo Ngoka. Umechelewa."

"Mwalimu, hatukuwa na miadi."

"Miaka sita hujanitembelea. Hiyo ndiyo ninayoiita kuchelewa. Nasikia umemshindwa mbwa wangu."

"Yeye ndiye aliyenishinda."

"Hivyo ni afadhali. Kaa."

Nikakaa kitako kwenye mkeka kama mwanafunzi. Nilijaribu kurudisha heshima yangu kwa kumwambia, kitaalamu, kwamba mbwa hapakwi mafuta ya nazi.

"Na wewe nywele zako zilipakwa nini?" akauliza.

"Mimi sikujiramba, Mwalimu."

Alifikiri. "Hoja nzuri," akasema, na nawaambia kweli, vile vyeti viwili havijanipa furaha kama hiyo.

Kisha akaniuliza kule Mkomani nilimfanya nini Kashata kabla ya kumchana. Nikaeleza: taulo, nyama, wimbo. Akatikisa kichwa. "Nyimbo nilizijaribu mimi mwanzoni. Anaimba pamoja nawe, halafu anachangamka. Nikaona nimsomee kitu kisicho na wimbo." Akaingiza mkono katika mfuko wa plastiki kando ya kiti, akatoa daftari la jalada la buluu lililofifia. Nililijua kabla hajalifungua.

"Anza na kitana chako," akasema. Akavaa miwani. "Rukia Omari."

Kashata alilaza kidevu juu ya mguu wake.

"Katana Fondo. Zena Hamisi."

Nilianzia nchani. Kila jina lilichukua muda wa pumzi moja, na kila jina lilinipa nywele chache. Nilifungua msuko wa kwanza na mbwa hakutikisika.

"Baya Kombe." Akashusha kidole mstari mmoja. "Charo Mweri." Kisha akageuka, akatazama barabara, akapaza sauti ile ya dirishani: "Charo Mweri."

Kashata aliinua kichwa. Mwalimu akafungua kopo dogo, akampa dagaa mmoja mkavu, naye akamla taratibu, akalala tena. Mimi kitana kilikuwa kimesimama mkononi. Kila mtu ana jina moja ambalo akilisikia ghafla hupotewa na hesabu, na langu ndilo hilo.

"Kwa nini jina hilo, Mwalimu?" nikauliza nilipoweza.

"Kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nikipumzika. Nilikuwa nikimngoja, sivyo? Nikampumzisha na mbwa." Akaweka kidole juu ya daftari. "Kadzo Ngoka."

Sikuitika. Nilikuwa nimebana kibanio cha nywele mdomoni, au hivyo ndivyo nilivyojiambia. Akatia alama hewani, akaendelea na Mwanaisha Salim.

Aliisoma orodha mara tano siku hiyo. Tulimaliza mgongo na ubavu wa kulia, nami nikakata vifundo vidogo kwa mkasi wa Mzee Nzaro, ncha zake zikiangalia nje, mbali na ngozi. Kisha mbwa akachoka, nasi tukachoka. Yaliyobaki yalikuwa ubavu wa kushoto na masikio, penye vidonda, penye kazi yenyewe. Tukaahidiana Jumamosi ijayo.

Jumamosi ijayo, tarehe 22, Neema alinifungulia mlango mtoto akiwa mgongoni. "Mama ana mafua. Sauti imekwisha. Na zimebaki siku sita, Mama Sidi, sisemi kwa ubaya."

Mwalimu alikuwa kitini, amejifunga leso shingoni. Alinyoosha daftari kwangu.

"Soma wewe," akanong'ona.

Nikaliweka daftari juu ya kigoda, nikashika kitana. Nilisoma vizuri, mwalimu wangu alikuwa akisikiliza. Rukia Omari. Katana Fondo. Zena Hamisi. Kashata alilaza kidevu. Ubavu wa kushoto ukaanza kufunguka. Baya Kombe. Nikaona mstari unaofuata, nikaona na langu chini yake, nikaruka yote mawili kwa haraka ya mtu anayevuka dimbwi.

"Mwanaisha Salim."

Kashata alisimama. Alinitazama, akalitazama kopo, akanitazama tena. Nikaanza upya. Kwa Mwanaisha akasimama tena. Mara ya tatu alijikwamua mikononi mwangu, akaingia chini ya kiti, na pumzi yake ikaanza kuwa ile ya Mkomani. Nilimwona Neema mlangoni akigeuza uso.

"Umeruka," Mwalimu akanong'ona.

"Nimeruka nini, Mwalimu?"

"Unakijua ulichoruka. Hata mbwa anakijua."

Nilikunja taulo ambalo halikuhitaji kukunjwa. "Ni marehemu, Mwalimu. Na ni mume wangu. Sikuwahi kumwita hivyo alipokuwa hai, nitamwitaje leo?"

Alivuta hewa, akakohoa, akaipanga sauti yake iliyobaki kama mtu anayepanga maneno ya mwisho ubaoni. "Katika daftari langu hakuna marehemu, Kadzo. Kuna aliyefika na kuna aliyechelewa. Huyu alichelewa kila siku, nasi tulimngoja kila siku. Usimwanzishie utoro leo."

Nilikaa. Barabarani mtu alipita na mkokoteni wa maji, na mitungi ikagongana mpaka ikapotea. Nikampapasa Kashata chini ya kiti, akarudi, si kwa kunipenda. Alirudi kwa ajili ya mahali pake. Nikaanza juu kabisa. Rukia Omari. Katana Fondo. Zena Hamisi. Baya Kombe.

"Charo Mweri," nikasema.

Lilitoka dogo na kavu. Kashata aliinua kichwa, akangoja, kwa kuwa alijua haijaisha. Nami nikageuka upande wa barabara, kama inavyotakiwa, nikalipaza.

"Charo Mweri."

Mwalimu akafungua kopo. Dagaa akaliwa. Nilishika jalada la daftari nikashindwa kuendelea, maana mstari uliofuata ulikuwa wangu na mtu hajiiti mwenyewe. Ndipo nikasikia, kwa mnong'ono uliokwaruza kama chaki:

"Kadzo Ngoka."

"Abee, Mwalimu," nikaitika, na nikaendelea na sikio la kushoto.

Tulipomaliza, Kashata alikuwa mweupe, mdogo kuliko tulivyodhani, na mwenye masikio mawili yaliyo safi na dawa juu yake. Nilimuosha kwa maji ya uvuguvugu, nikamsuuza kwa jagi mbili za maji matamu. Neema alikuja kutoka jikoni, akainama, akamnusa shingoni, akamnusa tumboni, akanyanyuka bila haraka. Mtoto mgongoni akanyoosha mkono akashika sikio jipya.

"Voi kuna joto sana," akasema, akarudi jikoni.

Sasa jibu, kwa kuwa mmengoja. Kitana cha kila siku ni cha nyumbani, dakika kumi, kuanzia nchani. Anayemwachia fundi kazi hiyo anamletea fundi vifundo. Kucha nyeusi, masikio, na nywele zilizoshikana na ngozi ni zetu, na anayezigusa kwa mkasi wa jikoni aletewe unga wa ngano mapema. Lakini mbwa yeyote akiwekwa juu ya meza yenu, kabla hamjagusa mashine, mwulizeni mwenye mbwa swali ambalo mimi sikumwuliza mtu kwa karibu miaka kumi na tisa: nyumbani huwa mnamfanyaje, na huwa mnamwambia nini? Nusu ya ufundi wenu inaishi katika nyumba za watu wengine, na wengi hawajui kama wanayo. Swali hilo nimeliandika kwa mwandiko wangu juu ya beseni la pili. Msilifute.

Nilipostaafu, Rukia alisherehekea kwa kupanda mrehani katika lile kopo la udongo. Ukashika vizuri, unanukia mpaka kwangu. Kisha nikamwambia kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi bado navuka kwenda Timbwani, naye akaingia ndani, akatoka na kopo jingine la udongo.

Mwalimu sauti ilimrudia zamani, lakini hataki kusoma. Anasema mwanafunzi akishaweza, mwalimu hukaa. Kwa hiyo nasoma mimi, na yeye anashika dagaa. Jina lile nalifikia bila kupunguza mwendo. Naliita mara moja, kisha nageukia barabara naliita tena, na Kashata na mimi tunangoja kidogo, kama ilivyo desturi ya darasa letu, kabla sijaendelea.